Kiti Kwanza, Hema Baadaye

Ukifungua kitabu cha Kutoka sura ya 25 utamkuta Mungu akimwagiza Musa mlimani kwamba watu wamfanyie mahali patakatifu, apate kukaa kati yao. Mtu aliyewahi kuwa kwenye kamati ya ujenzi angetegemea maagizo yaanze na ukubwa wa kiwanja, kimo cha kuta na idadi ya watu watakaoingia. Hayaanzi hivyo. Yanaanza na sanduku la mti wa mshita, urefu wake dhiraa mbili na nusu, upana dhiraa moja na nusu, na kimo chake vivyo hivyo. Kwa vipimo vyetu ni kama sentimita 112 kwa 67. Sanduku hilo lingeenea katika chumba chochote cha nyumba zetu hapa Mbinga. Juu yake kinawekwa kiti cha rehema. Kisha inafuata meza, kisha kinara cha taa. Mapazia na mbao za hema vinasubiri hadi sura ya 26, na ua unasubiri hadi sura ya 27.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji mwenye haraka hulipita. Kila ubao wa hema ulikuwa na upana wa dhiraa moja na nusu, sawasawa na upana wa sanduku. Mbao 20 zilisimama upande wa kusini na 20 upande wa kaskazini. Maandiko hayasemi kwamba vipimo hivi vililinganishwa kwa makusudi, nami sitayalazimisha yaseme. Lakini ndivyo vilivyo: kipimo cha kitu kidogo kilichokaa ndani kinaonekana tena ukutani.

Katika chuo cha theolojia tulifundishwa kwamba mpangilio huu unaonyesha utakatifu ukitoka ndani kwenda nje. Ndivyo ninavyofundisha hadi leo. Aliyeniongezea ufahamu ni binti mmoja wa usharika wetu, anayesomea usanifu wa majengo Dar es Salaam. Mwalimu wao aliwapa zoezi: chukua kitu kidogo cha kushika mkononi, kichunguze, kisha kiendeleze hatua kwa hatua mpaka kiwe mahali ambapo mtu anaweza kuingia na kuishi. Tena aliwaonya kwamba kuendeleza si kukuza umbo tu. Kigoda chenye ukubwa wa nyumba ni sanamu ya kigoda, bado si nyumba.

Binti alichagua kigoda cha bibi yake, kilichochongwa kwa gogo moja. Bibi anaishi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Mbamba Bay, na ni msharika wa mtaa wetu wa huko. Likizo ile mjukuu alishinda naye akiwa na futi mkononi. Alipima kigoda. Kisha alimpima bibi akiwa amekikalia: magoti yanafika wapi, mkono unafika wapi, macho yako juu kiasi gani. Aliweka vigoda viwili vikitazamana, akatafuta umbali ambao watu wawili wanaweza kuzungumza bila kupaza sauti. Kisha akaweka saba kwa nusu duara. Ndipo akaanza kuuliza mgongo uegemee nini, jua la saa kumi linalopiga kutoka ng'ambo ya Malawi lizuiwe na nini, upepo wa kusini uingie kiasi gani. Kila jibu lilizaa ukuta, dirisha au paa. Mwisho alituletea mfano mdogo alioukata kwa maboksi.

Bibi aliutazama kwa muda mrefu. "Mjukuu wangu," akasema, "mahali pa kukaa nimepaona. Jeneza langu litapitia wapi?"

Watu walicheka. Binti hakucheka. Aliwaomba wanaume sita wasimame watatu watatu kama wabebao jeneza, akawapima kutoka bega hadi bega, akaupanua mlango.

Siku hiyo wazee wa mtaa walikuwapo, na swali la bibi liliwagusa mahali penye kidonda. Mtaa ule una msingi wa kanisa wenye hatua 30 kwa 15, uliochimbwa miaka mingi kabla sijahamia huku. Waliochimba walitazama makanisa ya wenzetu, Wakatoliki pale Mbinga na Waanglikana wa Liuli, wakatamani nao wawe na nyumba ya namna ile. Ahadi ziliishia kwenye mawe. Nyasi zikaota ndani, mbuzi wakapata pa kulala. Ibada imebaki chini ya mwembe, na masika yakikolea wazee na wagonjwa wanabaki nyumbani, wengine miezi bila Meza ya Bwana.

Ndipo ikaulizwa: tuanze na kile kitakachokaa ndani? Meza, kisima cha ubatizo, na vigoda vya watu sabini wanaokuja sasa. Tupandishe kuta kwenye theluthi ya mbele ya msingi, na sehemu iliyobaki tuishindilie udongo, iwe uwanja wa kukutania.

Mzee mmoja alisimama. "Baba Mchungaji, kuna mama aliyeuza mbuzi wake wa pekee kwa ajili ya mawe haya. Leo amelala kaburini. Tukijenga kijumba, tutakuwa tumemwambia nini?"

Neno lile lilikuwa zito, na haikufaa kulijibu haraka. Aliyejibu ni mzee mwenzake aliyehamia ziwani kutoka milima ya Umatengo. "Kwetu," alisema, "hakuna anayelima mlima. Tunalima shimo."

Wasomaji wa Mbinga wanajua alichomaanisha. Wageni nawaeleza: kwenye miteremko mikali ya Umatengo watu hulima ngolo. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana, zikafanya vyumba vya mraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila chumba na kufunika nyasi zile, likabaki shimo lenye matuta pande zote. Maharage hupandwa kwenye matuta, na mahindi hufuata. Mvua ikinyesha, kila shimo hushika maji yake na udongo hauporomoki bondeni. Ukiutazama mlima kwa mbali utadhani ulifumwa na jitu, kumbe ulifanywa na mtu mwenye jembe, shimo baada ya shimo.

Baraza lilikubali kuanza na theluthi ya mbele. Mawe ya yule mama hayakung'olewa. Yanangoja. Kuta zimefika kwenye lenta na bati bado tunatafuta. Mzee aliyepinga hajabadili mawazo, lakini Jumapili huja na kigoda chake na kukaa kwenye sehemu ya msingi iliyo wazi. Nimejifunza kumheshimu hapo alipo, kwa sababu anatukumbusha ukubwa wa matumaini tuliyorithi.

Lugha yetu ina neno moja, kukaa, kwa kuketi kitini na kwa kuishi nyumbani. Kigoda ni cha kukalia, na nyumba ni ya kukaa. Katika Kiebrania, kile kilichokuwa juu ya sanduku kinaitwa kaporeti, neno linalohusiana na kufunika na kupatanisha, halitaji kiti. Martin Luther alipotafsiri Biblia kwa Kijerumani aliandika neno lenye maana ya kiti cha neema, na Biblia yetu ya Kiswahili nayo inasema kiti cha rehema. Hakuna mwanadamu aliyekikalia. Hapo ndipo Mungu aliahidi kukutana na Musa na kusema naye. Hema lote, na mapazia yake yote, lilisimama ili kukutana huko kupate mahali.

Hata hivyo Biblia haidharau fundi. Mlimani sanduku liliagizwa kwanza, lakini Bezaleli na wenzake walipoanza kazi, katika sura ya 36, hema lilitengenezwa kwanza, na sanduku likafuata katika sura ya 37. Tuwaze kutoka ndani, na tujenge kwa utaratibu unaofaa. Kamati inayoanza kwa kuuliza kanisa litaonekanaje barabarani bado haijafika kwenye swali la Mungu, yaani nani atakaa humo, na nani atakaa naye.

Yohana anaandika kwamba Neno alifanyika mwili, akaja kukaa na sisi, na neno lake la Kiyunani ni la mtu apigaye hema. Alianza kwa udogo wa mtoto katika hori. Kama nyumbani kwako bado hakuna sala ya pamoja, usingoje sebule ikamilike. Weka kigoda kimoja, mwite mmoja wa nyumba yako akae, ufungue Maandiko. Jioni ya kesho ongeza cha pili.