Poti namba 1311

Kijana wetu mpya wa mtandao alikuwa akifyeka poti zilizosahaulika wazi. Alipofika 1311 akapaza sauti: "Hii nayo ya nani?" Nikamwambia ilikuwa ya OpenManage. "Ndiyo nini hiyo, mzee?" Ana digrii, na si mvivu. Ndiyo maana iliniuma.

OpenManage Server Administrator ilikuwa programu ya Dell unayoisimika ndani ya mfumo endeshi wa seva yenyewe, iwe Windows au Linux, nayo ikishapanda inahoji chuma kilicho chini yake: feni zinazunguka kwa kasi gani, umeme unaingia sawasawa, diski ipi imeanza kulegea. Ukiwa popote unaandika anwani ya seva na 1311 mwishoni, kivinjari kinakutisha kuhusu cheti, unakubali yaishe, unaingia. Wenzetu wenye seva za ProLiant walikuwa na yao kwenye 2381.

Nimepekua makabrasha ili nisiseme uongo. Hati ya mapokezi ya seva zetu za Dell, PowerEdge 2950, ina muhuri wa 2007, na mkongo wa SEACOM ulitua pwani yetu 2009. Hapo katikati tuliishi kwa setilaiti. Au labda muhuri uligongwa baadaye, kama kawaida ya stoo zetu, haidhuru.

Kwa setilaiti, neno linakwenda na kurudi kwa zaidi ya nusu sekunde, kwa hiyo ukurasa ule wenye mapicha ulikuwa mateso. Tukazoea kuingia kwa SSH na kuandika omreport chassis temps. Mistari inashuka taratibu: joto la hewa inayoingia nyuzi 31, onyo likifika 42, hatari 47. Unaandika nyingine, omreport storage pdisk controller=0, zinakuja diski moja moja na hali zake. Hatukuwa na haja ya picha.

Kasoro yake kila fundi aliijua. Msimulizi aliishi ndani ya mgonjwa. Mfumo endeshi ukiganda, programu nayo kimya, na saa ile unapoihitaji kuliko saa zote ndipo haipo. Dawa ilikuwepo: kadi ya DRAC 5, yenye anwani yake na waya wake, inayoitika hata mfumo ukiwa umekufa. Lakini iliuzwa kando, na mtu wa manunuzi akauliza, kama kompyuta imekuja nzima, kadi ya nini tena?

Kadi yetu ikawa babu mlinzi.

Chumba cha seva kilikuwa ghorofa ya kwanza, maeneo ya Posta, kikinuka zulia lililolowa maji ya kiyoyozi na dizeli ya jenereta iliyopanda kupitia dirishani. Babu alilala, samahani, alilinda kwenye korido, na redio yake ya betri na tochi. Seva zile zina kioo kidogo usoni: kukiwa na amani kinawaka bluu, kukiwa na balaa kinageuka rangi ya chungwa na kuandika alama. Usiku seva isipoitika nampigia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Lile jini lako la chini limegeuka."

"Limeandika nini?"

Ananisomea pole pole, herufi moja moja, tochi mkononi ingawa kioo chenyewe kinang'aa: E, moja, nane, moja, sifuri. Hiyo ni diski. Baada ya muda hakuhitaji kunisomea, alisema tu, "Ugonjwa ule ule, tundu la tatu." Kiyoyozi kikifa alijua kwa pua, vumbi likianza kuungua, akafungua mlango na kuweka pangaboi kabla barua pepe ya onyo haijafika. Barua yenyewe ilitegemea setilaiti, na setilaiti ilitegemea jenereta ile ile.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. 2012 ikaja iDRAC7, ikahoji chuma bila kuomba ruhusa ya mfumo endeshi. 2015 Redfish, ili seva za kila kampuni zijibu kwa lugha moja. Kazi nzuri, sibishi. Dell wenyewe wametangaza kuistaafisha OpenManage ile. Chumba cha Posta kikavunjwa ukuta, sasa ni ukumbi wa mikutano wenye kiyoyozi bora kuliko vyote tulivyowahi kuomba.

Kinachoniudhi ni mafundi wanaotazama duara la kijani kwenye skrini na kuridhika. Kijana wangu, baada ya maelezo yote haya, akataka kujaribu. Akaingia kwenye seva tunayokodi, akaandika ipmitool sensor. Ikamjibu kwamba /dev/ipmi0 haipo. Ni mashine pepe, nikamwambia, haina feni wala kipimajoto.

"Kwani chuma chake kiko wapi?"

"Waulize tunaowalipa."

Aliwaandikia kweli. Wamemtumia mwongozo wa bei.