Petite Barrière, njia ilipofungwa

Wamama wenzetu, wiki hii tulipita tena Petite Barrière alfajiri, mabeseni kichwani, tukasukumana kama kawaida. Tukakumbuka Machi 2020: Gisenyi tunaiona pale ng'ambo, nyanya zetu ziko huko, na njia imefungwa. Tulishinda nyumbani na watoto, mtaji umelala.

Siku moja simu ikaleta sauti ya mtu: "Mpaka unafunguliwa Jumatatu." Nani huyo? Hatukuuliza. Baadhi yetu tulikopa pesa ya likelemba, tukafika na mabeseni matupu. Askari alitutazama tu. Lile deni liliishia jikoni, likawa unga na makala, na kulilipa kulituchukua miezi.

Ndoo za kunawa mikono tulizizoea tangu Ebola. Maneno ya simu ndiyo yalitushinda. Basi tukapatana: habari ya ugonjwa tunampelekea kwanza muuguzi wa kituo cha afya, habari ya mpaka, mmoja wetu anaenda kuuliza pale pale, kwa miguu, kabla wengine hawajagusa pesa.

Mama tuliyemtuma mara ya kwanza alirudi saa sita, jua kali, akasema: "Bado." Siku hiyo hakuna aliyekopa.