Faili Zisizofutika

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuusia, hata hivyo, la kufanya pale daftari linapobaki na mali ikapotea. Hilo ndilo lililonifika nilipokuwa nikiandaa tasnifu yangu ya uzamili kuhusu uimbaji wa tendi. Umeme ulikatika ghafla usiku, diski ya tarakilishi ikaharibika, na faili 3 za sauti ya bibi mmoja wa Lamu, zilizonaswa jioni iyo hiyo, zikageuka majina matupu. Hazikufunguka wala hazikukubali kufutwa. Kila nilipojaribu kuzifuta, tarakilishi ilinijibu kuwa faili zimeharibika na hazisomeki.

Mtu huweza kustaajabu: kitu kisichosomeka hukataaje kuondoka? Jibu limo katika maana ya kufuta. Katika mfumo wa NTFS, ambao Microsoft waliuanzisha mwaka 1993, kila faili ina rekodi yake katika jedwali kuu. Kufuta si kuyachoma yaliyomo, bali ni kuandika katika jedwali hilo kwamba nafasi ya faili sasa iko huru. Rekodi isiposomeka, mfumo haujui ni nafasi ipi ya kuachilia, nao hukataa. Kwa hivyo kujaribu tena na tena hakufai kitu. Kinachohitaji tiba ni daftari, si faili.

Dawa ipo, nayo ni programu ya chkdsk. Ikiamrishwa kwa alama ya /f, hulipitia jedwali na kurekebisha kasoro. Kwa /r, hutafuta pia sehemu mbovu za diski na kuokoa yanayosomeka. Vipande visivyo na mwenyewe huweza kukusanywa katika folda iitwayo found.000. Lakini programu hii huandika juu ya diski, na diski inayokata roho haifai kuandikwa. Ndiyo maana nilitangulia kuinakili yote kwenye diski nyingine nzima kwa programu ya ddrescue, ambayo husoma kwanza palipo pazima kisha ikarudia pagumu. Ukarabati niliufanya kwenye nakala.

Hata hivyo, kidole kilisita. Bibi yule alikuwa amefariki dunia majuma 2 baada ya mahojiano yetu. Kuamrisha ukarabati kungeyaondoa majina yale, na pengine majina ndiyo pekee yaliyosalia. Lakini orodha inayodai kuwa na sauti isiyokuwepo ni uongo, na mtafiti hana haki ya kuuhifadhi uongo kwa kuwa unamliwaza. Nikabonyeza. Majina yakatoweka. Ndani ya found.000 nilikuta kipande kimoja cha dakika 11. Mengine yalikuwa yamekwenda na maji.

Aidha, fasihi yetu imewahi kupita njia hii. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikusanywa miaka mingi baadaye na Mwalimu Sikujua akishirikiana na W. E. Taylor, wakayapata kwa waliokuwa wangali wakiyakumbuka. Diwani iliyohaririwa na William Hichens ilichapishwa mwaka 1940. Sikujua hakungoja karatasi zilizopotea zijirudishe.

Nami nilifunga safari kurudi Lamu na daftari la karatasi. Binti wa marehemu, mama wa makamo, alinisikiliza nikicheza kile kipande, akafuta machozi kwa ncha ya leso.

"Mama alikuwa akiniimbia huu tangu utotoni," akasema. "Keti, mwanangu, uandike."

Tuliandika siku 3. Alikumbuka beti nyingi, si zote. Palipokosekana ubeti niliacha nafasi wazi, nikaeleza pembeni kwamba ulikuwepo na sasa haupo.