Asiyekubali Kushindwa



Juma hili naomba ruhusa yenu nizungumzie udhaifu wangu mmoja. Mimi ni shabiki wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, kilichopo kaskazini mwa jimbo la Indiana. Nausema ule mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi. Timu hupewa majaribio manne ya kuusogeza yadi kumi. Ikishindwa, humwachia mpinzani. Niliupenda nilipoishi huko. Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 1842 na Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika lile lile ambalo mapadre wake walifika Uganda mwaka 1958. Kwa hiyo nilijiona kama mtu wa nyumbani.

Timu hiyo inajivunia ubingwa wa taifa mara 11, lakini wa mwisho ni wa mwaka 1988. Hapo ndipo mateso ya shabiki yanapoanzia: kuishi kwa kumbukumbu ya utajiri wa babu. Upande wa kaskazini wa uwanja ipo maktaba yenye picha kubwa ukutani ya Kristo aliyeinua mikono. Kwa kuwa mwamuzi naye huinua mikono hivyo hivyo timu inapofunga, mashabiki husema kwa utani kwamba Bwana mwenyewe anathibitisha pointi. Mwaka 2007 niliitazama picha ile nikadhani kwamba hata Yeye amesalimu amri.

Mwaka ule ulikuwa mzito. Tulifungua msimu kwa kufungwa 33-3 nyumbani. Tukapoteza michezo mitano ya kwanza, jambo ambalo halijapata kutokea katika historia ya chuo. Mara mbili tulifungwa 38-0. Miaka miwili tu kabla ya hapo, kocha alikuwa ameongezewa mkataba wa miaka 10 nasi tukashangilia. Tulikuwa tumesherehekea mavuno kabla ya mvua.

Kisha ikaja Jumamosi ya tarehe 3 Novemba, siku ya kucheza na timu ya Chuo cha Jeshi la Majini. Mchezo huo una historia ya kupendeza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Notre Dame kilipungukiwa mno na wanafunzi, nalo Jeshi la Majini likakitumia kufundishia maafisa wake, kikanusurika. Kwa shukrani, chuo kikaendelea kucheza na timu hiyo kila mwaka. Shukrani hiyo haikutuzuia kuwafunga: walikuwa wamepoteza kwetu mara 43 mfululizo tangu mwaka 1963.

Siku hiyo walitushinda 46-44, baada ya vipindi vitatu vya nyongeza.

Nilikuwa nikitazama pamoja na watu wa parokia, katika ukumbi mdogo. Mchezaji wetu alipozuiwa katika jaribio la mwisho, nilisimama nikamtukana kwa sauti. Sitayaandika maneno yale hapa. Mama mmoja mzee aliyekaa karibu nami, aliyelea watoto wa kiume wanne, aliniuliza kwa upole, “Yule kijana ana umri gani?” Nikanyamaza. Wengi wao walikuwa kati ya miaka 18 na 22, na siku zile hawakuruhusiwa kulipwa mshahara kwa kucheza. Akaongeza, “Na mama yake naye anatazama.” Nilizima televisheni kana kwamba kosa lilikuwa la televisheni, nikaondoka bila kuaga.

Timu hizi mbili zina desturi nzuri: baada ya mchezo, husimama pamoja wakati wimbo wa kila chuo unapoimbwa. Mshindi humheshimu mshindwa, na mshindwa humheshimu mshindi. Vijana wanaweza kusimama hivyo wakiwa bado na matope mwilini, nami niliyekuwa nimekaa kitini mchana kutwa sikuweza kuagana na jirani.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilikuwa nikiwaambia wachezaji methali hiyo kwa miaka mingi. Sikutambua kwamba inamhusu pia yule asiyecheza. Hasira yangu haikutokana na kuipenda timu. Ilitokana na kutaka ushindi wao unifanye niwe mkubwa.

Msimu ule ulimalizika kwa kushinda michezo mitatu na kupoteza tisa. Kocha aliondolewa mwaka 2009. Nami nilirudi kwa yule mama Jumapili iliyofuata kumwomba radhi. Alicheka, akaniambia niwaombee walinzi wa mstari wa mbele, maana walihitaji.

Mwaka 2024, tarehe 7 Septemba, timu yetu ilifungwa nyumbani 16-14 na Northern Illinois, timu ambayo hakuna aliyeitarajia. Nilihisi moto ule wa zamani ukipanda kifuani. Safari hii nilikaa hadi mwisho. Msimu huo huo timu ilifika fainali ya taifa, ikafungwa na Ohio State 34-23 mwezi Januari 2025. Bado tunangoja ubingwa. Nimeanza kujifunza kungoja bila kumtukana mtoto wa mtu.

Je, wewe ni nani unayemdai ushindi ili upate amani? Tafakari hilo juma hili. Nawatakia Jumapili njema.