Msaji wa Baharini na Mtarakwa wa Wamagana

Mtu aliyezaliwa Wamagana, ambako maji tuyajuayo ni ya mto na ya mvua, huenda akaulizwa: mambo ya vyombo vya bahari yamemhusu nini? Yamenihusu kwa sababu ya benchi. Marehemu baba yangu aliacha benchi la mtarakwa, nalo hukaa nje ya nyumba, likipigwa na jua na mvua za Machi hadi Mei, mwaka baada ya mwaka. Limegeuka rangi likawa la kijivu, na fundi mmoja jirani akashauri lipigwe randa mpaka wekundu wake urudi.

Nilikataa. Zamani nilipofanya kazi ya ukarani Mombasa nilizoea kuzungumza na mzee mmoja baharia katika Bandari ya Kale. Yeye alisifu mti mmoja kuliko yote, nao ni msaji wa pwani ya Malabar katika Bara Hindi. Kwa mti huo watu wa Kuwait, wasio na misitu kwao, waliunda majahazi yale makubwa yaliyokuja Mombasa na Unguja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi.

Msaji una mafuta yake mwenyewe ndani. Ndiyo yanayozuia maji na mchwa. Jua huubadili rangi, lakini kijivu hicho ni cha ngozi tu, si uozo. Kuusafisha si kazi kubwa: maji ya bahari na burashi laini, nawe usugue kwa kukata nyuzi za mbao. Ukizifuata, sehemu laini huchimbika, na mifereji midogo hubaki. Burashi ya waya ni mwiko, kwani vipande vyake hunasa vikashika kutu. Ubavuni, juu ya maji, mabaharia walipaka sifa, yaani mafuta ya papa (harufu yake, ewe msomaji, usiiulize). Chini ya maji, shahamu iliyochanganywa na chokaa. Randa aliichukia mzee yule. Kila ipitapo, alisema, ubao hupungua, wala haurudi.

Mtarakwa nao una mafuta yake. Ndiyo maana nguzo zake hukaa ardhini miaka mingi. Basi benchi nalisugua kwa maji ya mvua na sabuni kidogo, kuvu ikatoka. Maji ya chumvi silipi, kwa ajili ya misumari. Fundi hupita akitikisa kichwa. Lakini mahali alipozoea kukaa baba pamebonyea kidogo, na randa ingepasawazisha.