Kiti Moto Carolina Kaskazini

Msomaji wangu, kabla hujaniuliza Marekani nilienda kufanya nini, ngoja nikwambie ukweli: nilimfuata mume wangu. Na sikumfuata kwa ajili ya mapenzi peke yake. Nilikuwa na swali.

Alikuwa ameondoka Dar miaka miwili kasoro, kwenda kusoma shahada ya pili katika mji wa Durham, jimbo la Carolina Kaskazini. Wenye wapenzi majuu mnanielewa. Yeye akiamka saa moja asubuhi, kwangu ni saa nane mchana na niko katikati ya kurasa za gazeti. Mimi nikipanda kitandani saa nne usiku, kwake ni saa tisa alasiri, yuko darasani. Mapenzi yetu yakabaki kuwa ya "umekula?", "nimekula", "mtoto mzima?", "mzima". Masomo yake yalikuwa yanaisha Desemba. Swali langu lilikuwa fupi tu: unarudi? Kwa miezi mitatu nilikuwa nimelibana kooni. Kila nilipolikaribia, mtandao ulikatika. Au labda sisi ndio tuliokuwa tunakata.

Basi Oktoba nikachukua likizo, mtoto nikamwacha kwa bibi yake, nikapanda ndege tatu. Siku tatu za mwanzo tulikaa kama wageni. Ananiuliza kama blanketi linatosha, namwambia asante. Yaani asante! Kwa mume wangu wa ndoa!

Ijumaa usiku akavunja ukimya. "Mama, kesho nikupeleke ukale kitimoto."

Nilicheka mpaka machozi. Kwetu Dar kitimoto tunaijua sote, hata wasioila. Unaagiza kwa kilo, inakaangwa kwenye karai, inaletwa na ndizi, kachumbari na pilipili ya kuumiza. Nusu saa nyingi, mmeshanawa mikono. Nikamuuliza, kweli nimevuka bahari kuja kula mdudu? Akasema, "Huyu wa hapa ni mwingine. Huyu anapikwa usiku kucha."

Viti vya Greensboro

Kutoka Durham kwenda mji wa Lexington ni mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari, unaelekea magharibi. Mwezi wa Oktoba majani ya miti yanageuka rangi: manjano, kahawia, mekundu kama kanga mpya. Niliangalia dirishani ili nisiongee.

Njiani tulisimama Greensboro. Katikati ya mji kuna jengo lililokuwa duka la Woolworth. Tarehe 1 Februari 1960, vijana wanne weusi, wanafunzi wa chuo cha North Carolina A&T, waliingia pale, wakakaa kwenye kaunta ya chakula iliyotengwa kwa ajili ya wazungu, wakaagiza. Walikataliwa kuhudumiwa. Wakaendelea kukaa mpaka duka linafungwa. Kesho yake wakarudi na wenzao, na kesho kutwa wakawa wengi zaidi. Mwezi Julai mwaka huohuo kaunta ile ikafunguliwa kwa watu wote. Tangu mwaka 2010 jengo hilo ni makumbusho, na kaunta na viti vyake vimehifadhiwa mlemle.

Nilisimama mbele ya viti vile muda mrefu. Ni viti vya kawaida kabisa, vya kukalia ukinywa kahawa. Mume wangu akaninong'oneza, "Hiki ndicho kiti moto chenyewe." Nilitabasamu, lakini neno lile likanibaki. Wale vijana hawakuwa wamefika hata miaka ishirini. Walijua jibu watakalopewa, na bado walikaa wakauliza. Mimi mtu mzima, naogopa kumuuliza baba wa mtoto wangu.

Mji unaonuka moshi

Lexington utaanza kuijua kwa pua. Mji si mkubwa, lakini kwa nyama hii una jina Marekani nzima. Mwaka 1919 bwana mmoja aitwaye Sid Weaver alisimamisha hema jirani na mahakama akawa anawauzia nyama watu waliokuja kusikiliza kesi. Biashara ikaenea. Mwaka 1962 Wayne Monk akafungua Lexington Barbecue, na tangu 1984 mji hufanya tamasha la nyama hiyo mwezi Oktoba.

Kitu kimoja ukijue usije ukachekwa. Sisi tukisema babekyu tunamaanisha sherehe, majiko yanawaka, muziki juu. Hapa babekyu ni nyama yenyewe, na nyama yenyewe ni nguruwe. Upande wa mashariki wa jimbo wanachoma nguruwe mzima na sosi yao ni siki na pilipili, hawataki kusikia habari za nyanya. Lexington wanachoma mabega tu, juu ya makaa ya mti uitwao hikori, na ndani ya siki wanaongeza tomato sosi kidogo na sukari. Ubishi wa pande hizi mbili ni wa Simba na Yanga.

Tukaletewa sandwichi. Mkate laini wa mviringo, nyama iliyoiva hadi kuachia, na juu yake kabichi iliyokatwakatwa, nyekundu kwa siki na tomato sosi, bila mayonezi. Pembeni vidonge vya unga wa mahindi vya kukaanga, kama kalimati zisizo na shira. Niling'ata. Duh! Moshi, uchachu, utamu, halafu kabichi inakatika kwa sauti. Kwa dakika kumi hatukuongea, na kwa mara ya kwanza wiki ile ukimya wetu haukuwa na ubaya.

Zamu ya usiku

Tuliporudi Durham jioni, tulimkuta mzee mwenye nyumba uani. Ni Mmarekani mweusi, mstaafu, na mume wangu anapanga chumba cha nyuma kwake. Alikuwa na pipa la chuma lililogeuzwa kuwa tanuri, na bega la nguruwe la kilo tano alilolipaka chumvi na viungo tangu jana yake. Jumapili alikuwa na majirani wa kulisha.

"Lexington mmekula," akasema. "Sasa kijana, na wewe binti, leo zamu ni yenu."

Kabla ya kuwasha alitupa historia fupi. Nguruwe si mnyama wa asili wa Marekani. Columbus alikuja na nguruwe katika safari yake ya pili mwaka 1493, na Hernando de Soto akawashusha Florida mwaka 1539. Lakini waliokesha kando ya mashimo ya moto kwenye mashamba ya Kusini, wakapindua nyama mpaka alfajiri ili mabwana wale, walikuwa watumwa, watu waliotolewa Afrika. "Babu zangu walikesha kwa amri," akasema mzee. "Mimi nakesha kwa kupenda. Nyama ni ileile."

Tukawasha saa nne usiku. Moto mdogo, joto la kama nyuzi 110, kifuniko kimefungwa. Kabla ya kwenda kulala mzee alinionyesha kipimajoto kilichochomekwa kwenye nyama. "Ikifika karibu nyuzi 70 itasimama. Saa mbili, tatu, hata nne, haipandi. Mtadhani moto umekufa. Msiuchochee."

Kwa nini isimame? Maji ya nyama yanatoka juu na kukauka, na yakikauka yanaipoza, kama jasho linavyokupoza wewe ukipita Kariakoo mchana. Kwa muda huo joto linaloingia linalingana na linalotoka. Ukiongeza kuni kwa hasira, nje itaungua na ndani itabaki ngumu. Ukivumilia, jasho linapungua, joto linapanda tena, na ile mishipa migumu ya bega inayeyuka kuwa ute laini. Ndiyo maana sehemu hii ngumu ndiyo inayofaa kupikwa polepole.

Saa kumi alfajiri kipimajoto kilikuwa kimegota kwenye 71, na kilikuwa hapo tangu saa nane. Baridi imeniingia mifupani. Nikanyanyuka kuchukua gogo. Mume wangu akanishika mkono. "Mama, mzee kasema tusichochee."

"Tutakaa hapa mpaka lini?" nikamjibu, kwa sauti ambayo haikuwa ya nyama.

Hapo simu yake ikalia. Dar ilikuwa saa tano asubuhi, Jumapili, binti yetu ametoka kanisani na bibi yake. Akaonyesha gauni lake, akauliza kwa nini kwetu kuna giza. Halafu, bila salamu wala kona, kama watoto walivyo: "Baba, unarudi lini?"

Swali langu la miezi mitatu. Mtoto wa miaka mitano kalitoa kwa sekunde mbili.

"Baba atakwambia, mama," akajibu. Simu ikakatwa. Mara hii haukuwa mtandao.

Tukakaa. Makaa yanapumua. Ndipo akasema. Kuna kazi amepewa hapo Durham. Sheria inamruhusu aliyemaliza chuo kwa viza ya mwanafunzi kuomba kibali cha kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12. Barua anayo tangu Agosti. Hakuniambia kwa sababu aliogopa nitasema hapana, na aliogopa zaidi kwamba nitasema ndiyo.

Ningeweza kulia. Ningeweza kumwambia maneno ambayo hayafutiki, na nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga kama vyombo kabatini. Lakini mkono wake ulikuwa bado uko juu ya wangu, na gogo lilikuwa bado liko chini. Sikusema sawa. Sikusema siyo. Nilimwambia, "Nimesikia. Sasa na wewe unisikilize." Nikaanza kumweleza nyumba ilivyo bila yeye: homa za usiku, ada, shughuli za ukoo ninazokwenda peke yangu, na marafiki walioacha kumuulizia. Hakujitetea. Tulipotazama tena kipimajoto kulikuwa kumepambazuka na kilisoma 78.

Saa tano asubuhi mzee alishika mfupa wa bega akauvuta kwa vidole viwili. Ukatoka mweupe, safi. Nyama tukaichambua kwa uma.

Jipikie nyumbani

Bila pipa inawezekana, oveni inatosha. Mwambie wa bucha akupe bega lenye mfupa na mafuta, kilo tatu. Usiku wa kuamkia siku hiyo lipake chumvi vijiko viwili vya chakula, sukari ya kahawia viwili, pilipili manga kimoja na kitunguu saumu cha unga kimoja. Oka kwa nyuzi 120, saa nane hadi kumi, mpaka ndani isome 93 hadi 95. Lifunge kwa foili, lipumzike saa nzima, kisha chambua.

Sosi: siki kikombe kimoja, tomato sosi nusu kikombe, maji nusu kikombe, sukari vijiko viwili, chumvi na pilipili ya kusaga. Chemsha dakika kumi, mwagia nyama kiasi tu, isiogelee.

Kachumbari ya matunda ni yangu. Asubuhi ile nilikata kabichi, karoti, tufaha na nanasi, kwa sababu embe bichi sikulipata. Mzee alionja akasema Lexington wangenifukuza mjini, kisha akaomba tena. Hapa Dar tumia nusu kabichi iliyokatwa nyembamba, embe bichi moja, robo ya nanasi, karoti moja, ndimu mbili, asali kijiko na chumvi. Changanya dakika ishirini kabla ya kula, la sivyo chumvi itatoa maji na kabichi italegea. Weka nyama kwenye mkate wa baga, kachumbari juu, funika.

Kwa wewe usiyekula nguruwe, bega la ng'ombe linakubali mtindo huuhuu. Na lenyewe litasimama kwenye nyuzi 70. Liache.

Tuliagana uwanja wa ndege tukiwa tumekubaliana mambo mawili. Miezi 12, tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye simu zote mbili. Na hakuna barua atakayoificha mmoja wetu tena. Imebaki miezi mitano. Sijui kama tulichagua vizuri, na mama yangu ana maoni yake. Ila kila Jumamosi moja kwa mwezi nawasha oveni usiku, naweka simu juu ya meza ya jikoni, na yeye anakaa upande wa pili, kwake ni mchana. Tunaitazama nyama pamoja. Ikisimama, tunaongea.

Kama na wewe kuna swali umelibana kooni, nunua bega la kilo tatu. Halafu kaeni.