Nyuso Nane za Njama ya Baruti

Kila ifikapo tarehe 5 Novemba watoto wetu hapa Uingereza hutuuliza sababu ya mioto na fataki. Safari hii tuliona heri tuwapeleke London wakajionee mahali penyewe.

Tulianzia National Portrait Gallery, kando ya Trafalgar Square. Katika hazina ya jumba hilo imo picha ya chapa ya mwaka 1605 hivi, nasi tulichukua nakala yake mkononi. Wanaume wanane wamesimama wakikaribiana kama wanaonong'ona, wamevaa kofia ndefu, na jina la kila mmoja limeandikwa juu ya kichwa chake. Guy Fawkes, anayetajwa na kila mtu, ni wa tatu kutoka kulia; kiongozi wao hasa, Robert Catesby, yu ubavuni pake.

Aliyeichonga picha hiyo juu ya bamba la shaba ni Crispijn van de Passe, aliyekuwa akiishi Cologne, Ujerumani. Haielekei kwamba aliwahi kuwaona watu wale. Lakini bamba moja hutoa nakala nyingi, na nyuso alizozichora ndizo watu wanazozijua hadi leo. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa Mmenno aliyehama Antwerp kwa ajili ya dini yake, na mwaka 1611 ikambidi aondoke Cologne pia.

Kutoka hapo tuliteremka kwa miguu njia ya Whitehall hadi Bungeni. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605, Fawkes alikamatwa chini ya ukumbi wa Malodi akilinda mapipa 36 ya baruti, yaliyokusudiwa kumwua Mfalme James pamoja na wakuu wake. Jengo la leo si lile. La zamani liliteketea mwaka 1834.

Wenye njama walikuwa Wakatoliki wachache. Wakatoliki wengi hawakuwa na habari nayo, lakini samaki mmoja akioza huambiwa wote wameoza, jambo ambalo sisi wa ugenini hatuhitaji kufafanuliwa. Sheria za mwaka 1606 ziliwataka waape kiapo cha utii kwa mfalme, zikawazuia kufanya kazi ya uanasheria na ya uganga. Kuketi Bungeni hawakuruhusiwa tena mpaka mwaka 1829.

Binti yetu mdogo aliitazama tena nakala ile, akauliza wale Wakatoliki wengine wako wapi katika picha.